Fundi Suruali na Marehemu Mwenye Adabu

Jumatatu, 3 Juni

Leo naanza shajara. Mtu mwenye mipango mingi kama mimi lazima awe na mahali pa kuiweka, la sivyo inagongana kichwani.

Kwanza mazingira. Karakana ya Shangazi: chumba kimoja kirefu, madirisha mawili, cherehani nne, moja kati yake hufanya kazi ikipenda. Mimi ni fundi suruali. Mwaka wa kumi na moja huu. Suruali zangu hazina mpinzani. (Kuna ile ya mhasibu iliyotoka na mguu mmoja mfupi, lakini mhasibu mwenyewe husimama upande.)

Kila siku saa nane mpaka saa kumi cherehani hunyamaza. Ni saa za kazi ya mkono: pindo, vifungo, matundu. Shangazi anaamini mdomo usio na kazi huzaa umbea, kwa hiyo mmoja wetu husoma kwa sauti huku wengine wakishona. Tulikuwa tunasoma magazeti. Tukagombana juu ya mpira mpaka mkono wa koti ukashonwa kwenye kiuno. Magazeti yakapigwa marufuku.

Leo Dada Vifungo ameleta riwaya.

Dada Vifungo ndiye anayetia vifungo na kushona matundu yake. Anakaa hatua mbili kutoka kwangu. Miaka mitatu sasa. Maneno marefu zaidi niliyowahi kumwambia ni kwamba anipitishie chaki, na hata hayo niliyafanyia mazoezi.

Riwaya inaitwa «Marehemu Hajamaliza Chai Yake». Nilipoliona jalada nilicheka kwa dharau. Mzimu! Tena una miwani! Nikasema kwa sauti kwamba watu wazima hawasomi hadithi za mizimu. Dada Vifungo akamkabidhi Mkasi kitabu.

Mkasi ni mkata nguo wetu. Ana sauti ya mtangazaji wa redio na anajua anayo.

Akaanza. Mkuu wa posta mstaafu amepanga chumba katika nyumba ya wageni. Asubuhi moja anafariki akiwa ameshika kikombe, chai nusu. Kesho yake yuko pale pale, amekaa, anamuuliza Msimamizi wa nyumba kwa nini hajaletewa sukari. Hajui amekufa! Akishajulishwa, anaomba radhi kwa usumbufu. Hawezi kuondoka mpaka ijulikane ni nani aliyetia kitu kwenye chai yake. Na ni mtu wa adabu: kabla ya kupita ukutani anapiga hodi.

Hapo kwenye hodi nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashona zipu kwa nje. Mzee wa Pasi, ambaye husikia nusu ya anachoambiwa, alicheka kwa sababu mimi nimecheka. Dada Vifungo alikuwa ameshaanza kucheka kabla Mkasi hajafika kwenye hodi. Ana akili nyepesi sana yule mwanamke. Vichekesho anavinusa kwa mbali.

Saa kumi ilipofika alitoa tangazo. Atakayeandika jina sahihi la mtia sumu kabla ya sura ya mwisho, yeye atamshonea shati.

Ieleweke hapa. Katika karakana yetu fundi hamshonei fundi mwenzake. Tumechoka na nguo za watu, hatuna nguvu ya zetu. Sisi tunaouvisha mtaa mzima tunatembea na viraka. Shati langu hili lina tundu kwapani, ndiyo maana sijainua mkono tangu mwezi wa tatu. Mara ya mwisho fundi kumshonea fundi, Shangazi alimshonea koti fundi mmoja mrefu, na huyo mrefu leo ndiye baba wa binamu zangu.

Kwa hiyo shati si shati tu. Shati linataka vipimo. Vipimo vinataka futi. Futi inataka mtu asimame karibu.

Nampenda. Basi, nimeandika. Lazima nilipate hilo shati.

Jumanne, 4 Juni

Sheria zimetangazwa. Kila mtu karatasi moja, jina moja, ndani ya mkebe wa vifungo vilivyovunjika. Hakimu ni Shangazi. Kitabu kinalala kwenye droo ya Dada Vifungo, na ni mwiko kusoma mbele.

Washukiwa watatu: Daktari wa Meno wa chumba cha pili, Mpishi, na Mjane wa Ghorofani. Mimi namshuku Daktari wa Meno. Sijawahi kumwamini mtu anayekuuliza maswali mkono wake ukiwa ndani ya mdomo wako.

Lakini kwa nini nikisie? Washukiwa watatu, karatasi tatu. Nikaandika moja kwa mkono wa kulia, moja kwa wa kushoto, moja kwa herufi kubwa. Nikazitumbukiza wakati Mkasi anapiga chafya. Kazi safi!

Saa nane kasoro Shangazi akauchungulia mkebe. Akatoa karatasi zangu, akazigeuza, akaanza kuzipanga mezani. Zilikuwa zimetoka kwenye daftari langu la vipimo. Nyuma yake, zikiungana, zilitoa kipimo cha kiuno kizima cha mteja wangu mwenye duka la mkaa, na hapa mtaani hakuna kiuno kingine kama kile.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema baba yangu, kaka yake, naye alikuwa hivi hivi: akitaka kuingia kwa mlango anaanza kwa kupanda paa. Karatasi zote tatu zikafutwa. Nimeruhusiwa kuandika moja, kwa mkono wangu wa kawaida, kabla ya Jumamosi.

Mkasi alicheka kwa ile sauti yake. Hata kicheko chake kinafaa redioni.

Dada Vifungo aliinama juu ya tundu la kifungo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Huenda ni kikohozi.

Sura ya nne na ya tano leo. Inspekta amefika! Mtu wa makamo, hana imani na mizimu, lakini kila anapopita kwenye baridi ya Marehemu anasema samahani bila kujua kwa nini. Msimamizi anamwona anavyosema samahani kwa hewa na anaanza kumpenda kidogo. Mimi pia.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa leo ulikuwa wa kitaalamu. Nilimwendea Dada Vifungo (nilifanya mazoezi njia nzima) nikamwambia kitabu chake kimechakaa, jalada linang'oka, na kwa kuwa mimi ni fundi ningependa kukivika gamba la kitambaa. Saa ya chakula ingetosha.

Akafurahi! Macho yakafurahi kabisa. Akasema hakuna aliyewahi kumfikiria hivyo. Akanipa kitabu kwa mikono miwili. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kama sekunde nne.

Wakatoka wote kwenda kula. Nikafungua kitabu. Lengo: ukurasa wa mwisho, jina, basi. Lakini kilifunguka pale Mkasi alipoachia jana, na jicho halina pazia. Marehemu anamfundisha Inspekta kuandika barua ya mapenzi! Inspekta anadhani ni mawazo yake mwenyewe. Kila akiandika sentensi ya kijinga kalamu inakuwa baridi, anaifuta. Nilisoma kurasa kumi na mbili nikitabasamu peke yangu. Sikuweza kuruka. Ningeruka ningemkosea heshima Marehemu.

Ghafla sauti ya Shangazi ngazini. Gamba sijashona. Mwisho sijausoma. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili ya haraka angefanya: nikachana sura ya mwisho. Kurasa kumi na nne. Kuazima tu! Nisome nyumbani, kesho nizirudishe kwa gundi, gamba jipya lifiche kovu.

Kwenye mfuko haziwezi kukaa. Mifuko ya suruali yangu yote miwili imetoboka. (Fundi suruali!) Nikazisukuma kwenye sanduku la karatasi kuukuu chini ya meza ya Mkasi, mahali ambapo hakuna anayetazama. Gamba nikalishona mbiombio, bluu, na mshono wa zigizaga. Dada Vifungo alilipapasa alasiri nzima.

Saa ya kufunga akaja mteja wa haraka kupunguziwa pindo. Nilipomaliza, Shangazi alikuwa amesimama na ufunguo akinisubiri nitoke. Si kitu. Zitalala salama.

Alhamisi, 6 Juni

Hazikulala salama.

Imekuja kazi ya sare za shule, mashati sitini. Mkasi alifika alfajiri, mchapakazi wa ghafla, akatengeneza vielelezo vya kukatia mifuko na kola. Na vielelezo anavitengeneza kwa nini? Kwa karatasi kuukuu! Anabandika mbili mbili kwa gundi ya unga ili ziwe ngumu, anazikata kwa umbo, anatoboa tundu, anatundika msumarini. Hatazami kilichoandikwa. Kwake karatasi ni karatasi.

Saa ya chakula nikavishusha kimoja kimoja. Sura nzima ya mwisho imekuwa mifuko minane na kola tano. Nusu ya maneno yako ndani ya gundi. Nusu ya yaliyobaki yameishia kwenye mkunjo wa kola. Nilichofanikiwa kusoma nakinakili:

«…na mtu aliyetia ile dawa kwenye kikombe, mabibi na mabwana, si mwingine bali ni…»

Mfuko umeisha.

Kwenye kola: «Inspekta akavua kofia, akamsogelea, akasema…»

Tundu la msumari.

Nilikaa chini. Sikuwaza shati kwanza, na hili naliandika kwa sababu ni kweli: niliwaza kwamba sitajua. Marehemu wa watu amekaa na chai yake sura kumi na sita anangoja, na mimi ndiye niliyemkata kola.

Kisha nikawaza shati.

Ijumaa, 7 Juni

Kesho Mkasi atafikia sura ya mwisho na kukuta hakuna. Wataangalia gamba. Gamba litanitazama mimi. Lazima mimi niwe msomaji, siyo yeye.

Ilinijia nikipiga pindo. Nikamwambia Shangazi, kwa upole, mbele ya wote, kwamba si haki. Msomaji anaona ukurasa kabla yetu. Jicho lake linaweza kuteleza mbele. Basi anayesoma asikisie, na anayekisia asisome.

Shangazi akasema kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimesema jambo lenye kichwa na miguu. Mkasi akasimama kama ameungua. Kumbe naye analitaka shati! Akanitupia kitabu mapajani, akasema basi asome huyo huyo.

Ushindi mnono! Nikapokea kitabu. Nikakaa kwenye kiti cha msomaji. Nikakohoa. Ndipo nikakumbuka: anayesoma asikisie.

Nimejitoa mwenyewe.

Nilisoma sura mbili kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Bahati nzuri zilikuwa sura za huzuni, wakadhani ni usanii. Mzee wa Pasi akanipa leso. Dada Vifungo akasema nasoma vizuri, kwa sababu nasoma kama mtu anayetaka kujua. Mkasi anasoma kama mtu anayejua. Aliyasema hayo mbele ya Mkasi.

Sasa fikiria hali yangu. Mwisho wa kusoma sina, lazima niutunge. Na kwa kuwa nautunga, mimi ndiye nitakayeamua mtia sumu ni nani! Sitapata shati, lakini ninaweza kuhakikisha Mkasi halipati. Nikajifanya natafuta kifungo kwenye mkebe. Mkasi: Daktari wa Meno. Shangazi: Mjane. Mzee wa Pasi: Mpishi.

Washukiwa wote wamechukuliwa! Nikimtaja Mpishi, Mzee wa Pasi anashonewa shati na Dada Vifungo. Ana miaka sabini na moja, lakini mimi simwachii hata yeye nafasi.

Nani amebaki? Inspekta hapana. Inspekta akifungwa, Msimamizi atabaki na nani? Siwezi. Nimewapenda wale watu wawili kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Nimepekua tangu sura ya kwanza. Nimempata. Ukurasa wa kumi na nne, mstari mmoja: mtunza bustani anapita akiburuta mpira wa maji. Hana jina. Haongei. Harudi tena.

Mshenzi yule! Ni yeye.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilichukua kijitabu cha maelekezo ya cherehani, nikachana kurasa, nikazichomeka mwishoni mwa riwaya, ili macho yangu yawe na karatasi ya kutazama. Saa nane nikakaa. Shangazi alivaa hata miwani, sijui ya kusikilizia.

Nikaanza kusoma, macho yangu yakiwa kwenye mchoro wa kutia mafuta. Inspekta akawakusanya wote sebuleni. Marehemu akapiga hodi, akaingia. Nilimpa Marehemu maneno mazuri. Kisha nikamtaja mtunza bustani.

Ghasia! Mkasi alisimama na futi shingoni akidai haiwezekani, yule mtu hana hata sababu. Shangazi akasema mwandishi huyu ashtakiwe. Mzee wa Pasi akauliza bustani ipi. Nikaeleza haraka haraka kwamba Marehemu, enzi za posta, aliwahi kumpotezea mtunza bustani kifurushi cha mbegu. Mkasi akasema huo ni upuuzi. Nikasema mimi nasoma tu, asinilaumu, kitabu si changu.

Matokeo: hakuna mshindi. Hapo ningefunga kitabu. Hapo mtu mwenye akili angefunga kitabu.

Lakini Inspekta alikuwa bado hajasema neno lake. Sura kumi na sita! Nisingeweza kumwacha vile. Nikasema Inspekta alivua kofia, akamsogelea Msimamizi. Na baada ya hapo sijui ilikuwaje. Maneno yalikuja yenyewe. Akamwambia kwamba amekaa karibu naye muda mrefu bila kusema kitu, si kwa sababu hana la kusema, ila yako mengi na mlango ni mmoja. Kwamba anaijua sauti ya hatua zake ngazini. Kwamba siku asipokuja chumba kizima kinakuwa na mwanga kidogo. Kwamba anapenda anavyokata uzi kwa meno halafu anaangalia kama kuna aliyemwona, na anavyopanga vifungo kwa rangi wakati hakuna aliyemtuma.

Nikafunga kitabu. Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

Mkasi akauliza, polepole, tangu lini msimamizi wa nyumba ya wageni anakata uzi.

Nikasema anashona mapazia. Mzee wa Pasi alikuwa analia waziwazi, akamwambia Mkasi amwache Inspekta wa watu aseme.

Kisha Dada Vifungo akanyoosha mkono akaomba kitabu. Alitaka kuiona tena ile sentensi ya uzi. Ningekimbia lakini mguu ulikuwa na ganzi. Akakifungua. Kutoka nilipokaa niliona waziwazi mchoro wa bobini ya cherehani. Akautazama. Akapitisha kidole juu yake, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma. Akakifunga, akawaambia wote kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na kwamba hata yeye yule mtunza bustani alikuwa hampendi.

Akakiweka kwenye droo. Akaondoka bila kuniaga.

Jumapili, 9 Juni

Sijatoka ndani. Nimefikiria kuhama mji. Nimefikiria kujifunza ufundi mwingine, mahali ambapo hakuna vifungo. Kuchomelea vyuma labda.

Mtunza bustani masikini. Hakumfanyia mtu lolote.

Jumatatu, 10 Juni

Nilifika mapema nikiwa na maelezo matatu tayari: panya, unyevu, na kosa la kiwandani. Dada Vifungo alifika mapema zaidi. Karakana ilikuwa yetu wawili.

Nikaanza na panya. Alinyoosha tu sindano kuelekea ukutani, kwenye msumari wa Mkasi. Pale, juu ya kielelezo cha mfuko wa shati la mtoto, kwa herufi kubwa nyeusi: SURA YA MWISHO. Ilikuwa inatutazama wote tangu Alhamisi! Mimi nilisoma kila mstari mdogo ulioko mle nisione kichwa cha habari. Yeye aliiona siku ile ile, wakati anakwenda kuchukua uzi.

Nikauliza kwa nini alinyamaza. Akasema alitaka kuona nitafanya nini.

Halafu akaniambia. Kile kitabu amekisoma mara nne. Alikinunua mwaka aliofiwa na mama yake, na ndicho kitu cha kwanza kilichomchekesha baada ya miezi. Alikileta ili kituchekeshe na sisi. Na mimi nimekichana.

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Nilisema samahani. Nilisema tena. Nilitaka kuongeza sababu, nikafungua mdomo, nikaona uso wake, nikaufunga. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa na machozi, na si ya usanii.

Akavuta kiti. Akanisimulia mwisho wenyewe. Hakuna mtia sumu! Marehemu alikuwa anakunywa dawa ya moyo, akasahau kwamba ameshakunywa, akaitia tena kwenye chai. Alipojua, alicheka sana, akaomba radhi kwa Daktari wa Meno, kwa Mjane, kwa Mpishi, kwa kila mtu aliyemshuku, akamaliza chai yake, akapiga hodi kwenye ukuta wa mwisho akaenda zake. Niliposikia hilo la hodi nililia mara ya pili. Ni mwisho mzuri kuliko wangu mara mia.

Nikauliza habari ya Inspekta. Alivua kofia akasema nini?

Akasema: «Nitapita tena kesho.»

Basi? Basi. Kitabu kimeishia hapo. Dada Vifungo akasema mara zote nne alikirusha kitabu kitandani kwa hasira alipofika pale. Wa kwangu alizungumza. Alizungumza mno, na mambo ya uzi hayakuwa na mahali, lakini alizungumza.

Akaniagiza niandike miisho yote miwili kwa mkono, kwenye karatasi safi, niishone mwishoni mwa kitabu: wa kweli kwanza, wangu baadaye. Bila mtunza bustani. Nikasema sawa. Akasema uzi niuache ubaki.

Nimeandika saa mbili mfululizo. Mwandiko wa kawaida, mkono wa kulia.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudisha kitabu. Alisoma kurasa zangu akiwa amesimama, midomo ikitembea. Alipofika kwenye vifungo vya rangi akakata uzi kwa meno, akaangalia kama kuna aliyemwona. Nilikuwepo.

Kisha akatangaza. Hakuna aliyeshinda shati, alisema, lakini kitambaa ameshanunua, na mwenye zawadi ana haki ya kumpa ampendaye. Alisema hivyo hivyo: ampendaye! Shangazi aliacha cherehani ikashona hewa. Mkasi akasema kuna upendeleo. Mzee wa Pasi akasema alijua Inspekta atafanikiwa.

Kesho ananipima.

Alhamisi, 13 Juni

Amenipima!

Tatizo lililojitokeza ghafla: tumbo. Miaka kumi na moja ya kukaa kitako. Sikutaka alijue mapema hivi, ndio kwanza tunaanza. Basi futi ilipozunguka nikabana pumzi, nikavuta kila kitu ndani, nikapandisha kifua. Akachukua muda. Kifua, kiuno, bega, shingo. Akaniuliza kama naumwa. Nikatikisa kichwa, kuongea nisingeweza. Nilianza kuona nyota. Nikajitetea moyoni kwamba namtunzia yeye picha nzuri, na hilo si uongo, ni mpangilio.

Akaandika namba. Ni namba za kijana wa miaka ishirini na miwili. Fahari tupu!

Ijumaa, 14 Juni

Nimefahamu nilichofanya. Shati litakuwa la kijana wa miaka ishirini na miwili. Sijala tangu jana.

Jumamosi, 15 Juni

Shati limefika. Jeupe, kola imesimama, vifungo saba, kila tundu kama limechorwa. Nikalivaa nyuma ya pazia, nikapiga moyo konde, nikaanza kufunga kifungo cha chini huku nimebana pumzi.

Kikafunga. Cha pili. Vyote! Nikaachia pumzi kidogo kidogo, nikingoja mlipuko. Hakuna. Nikakaa. Nikainama. Nikainua mikono yote miwili juu, mbele ya karakana nzima, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Shati limenikaa kana kwamba nimezaliwa nalo.

Dada Vifungo alinizunguka mara moja akivuta mshono hapa na pale. Kisha akaniambia sikioni, taratibu, kwamba aliongeza inchi nne. Aliniona nikibana pumzi. Uso ulikuwa umebadilika rangi, alisema, na yeye amewapima watu miaka mingi, kiuno cha kweli anakijua hata kikijificha. Akaniambia kwake nisihangaike kujikunja, nikae nilivyo. Akanipigapiga begani akarudi kwenye vifungo vyake, akiimba chini chini.

Nimelitafakari hilo jioni yote. Ni mwanamke mwema. Nampenda zaidi kuliko Jumatatu. Nimeyachambua maneno yake moja moja, na jibu ni moja tu: kama nisingebana pumzi, asingeongeza zile inchi nne, na shati lisingenitosha.

Kwa hiyo mpango ulifanya kazi.

Jumatatu anataka kunipima koti. Nitabana pumzi kuanzia ngazini.